Dado Darasani: Kipimo cha Nasibu katika Hesabu za Watoto

(Mada iliyosomwa katika semina ya waalimu wa shule za msingi, Kidahwe)



Kidahwe ni njia panda: barabara itokayo Kigoma hugawanyika hapa, moja ikashika upande wa Kasulu na nyingine upande wa Uvinza, na mtoto akuaye kando ya njia hizi, akiuza mafungu ya dagaa au chupa za mawese, aghalabu hujua kurudisha chenji kabla hajajua kuandika alama ya kutoa. Walakini mtoto huyo huyo, hodari wa sokoni, akisimamishwa mbele ya ubao huwa bubu. Nadhani sababu si uzito wa akili, bali ni kwamba sokoni kila hesabu ina haja yake, na ubaoni haja hiyo haionekani. Chombo kidogo kiwezacho kuirudisha darasani ni dado.

Dado twaweza kulichonga wenyewe kwa mti laini, au hata kwa muhogo mkavu, kwa sharti moja: nyuso zinazokabiliana zijumlike 7, yaani 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Katika sharti hilo umo mchezo wa kwanza. Mtoto hutupa dado, mwenziwe hutazama uso wa juu na kutaja uliofichika chini. Nilipoujaribu na darasa la pili, msichana mmoja alipatia mara tatu mfululizo, wenziwe wakamshuku kuwa anachungulia, naye akajibu taratibu, "Natoa kwenye saba." Somo nililolihubiri wiki mbili alilimaliza kwa maneno matatu.

Mchezo wa pili ni wa makumi na mamoja. Kila mtoto huchora vyumba viwili, hutupa mara mbili, na kila tarakimu lazima aiweke chumbani kabla ya kutupa tena. Mwenye namba kubwa ndiye mshindi. Mvulana aliyepata 3 alisita, kalamu ikining'inia hewani, maana akiitia kwenye makumi hawezi kuvuka 36, na akiitia kwenye mamoja huenda akapata 63, au akaambulia 13. Katika kusita kule thamani ya nafasi ilikuwa imekwisha kumwingia.

Mchezo wa tatu, wa madarasa ya juu, hutumia madado mawili. Waulizwe kwanza: lipi litatokea zaidi, jumla ya 7 au ya 12? Kisha jozi 30 za wanafunzi zitupe mara 12 kila moja, wakipiga vistari daftarini, na mitupo yote 360 ijumlishwe ubaoni: 7 itakaribia 60, na 12 itakaribia 10, kwa kuwa katika njia 36 za kuanguka kwa madado mawili, 7 ina njia sita na 12 ina moja tu. Fikira kama hizi ndizo walizoandikiana wanahisabati Pascal na Fermat huko Ufaransa mwaka 1654, walipokuwa wakitafuta jinsi ya kugawa kwa haki dau la mchezo uliokatizwa, na ilimu ya uwezekano ikapata msingi wake.

Najua mzazi wa Ujiji ataniuliza: je, hii si kamari? Swali lake ni la haki, kwa kuwa maisiri, yaani kamari, imekatazwa katika Sura ya Al-Maida ya Kurani, na wapo wanavyuoni wanaolichukia dado hata pasipo dau. Basi darasani pasiwekwe dau lolote, hata peremende. Na penye mashaka, kokwa sita za chikichi zilizotiwa alama na kuchopolewa mfukoni bila kutazama, kila moja ikirudishwa kabla ya kuchopoa tena, zitafundisha uwezekano ule ule.

Nami naongeza hoja moja. Dado la muhogo likikauka vibaya huelemea upande mmoja, na jicho halioni. Lakini vistari vya daftarini, vikizidi sana chini ya tarakimu moja, hulifichua. Mtoto aliyekwisha kulikamata dado danganyifu kwa hesabu yake mwenyewe hatakuwa windo jepesi la wacheza kamari wa njia panda.

Juu ya meza yamewekwa madado kumi ya muhogo, na moja nimelichonga kwa hila. Kabla ya chai, tulitafute.