Msimu wa Hadithi Una Siku Ngapi?



Neno letu la leo ni "msimu". Litaje neno hilo Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichopo pwani ya Muheza, kwenye barabara itokayo Tanga kwenda Pangani, na wazee watakuelewa kwa namna moja tu. Kuna msimu wa kaskazi na kuna msimu wa kusi. Kusi ikivuma kwa nguvu, mwenye chombo kidogo hukaa nchi kavu akatengeneza nyavu zake. Hakuna tajiri awezaye kuuagiza upepo uongeze wiki tatu kwa sababu biashara imekuwa nzuri.

Lakini neno hilo hilo sasa lina maana ya pili, nayo inajulikana Kigombe kama inavyojulikana Dar es Salaam na Mombasa. Vijana husema wamemaliza "msimu wa kwanza" wa tamthilia fulani na wanausubiri wa pili. Huu ni msimu wa televisheni, na unapangwa na binadamu. Je, ni nani anayeupanga? Anatumia kipimo gani? Na urefu wake unaifanya nini hadithi tunayoitazama? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo, hasa kwa upande wa tamthilia za uhalifu na upelelezi.

Tuanze kule mtindo huu ulikokulia. Nchini Marekani msimu wa televisheni ulizoeleka kuanza Septemba na kumalizika Mei. Tamthilia ya Perry Mason, yule wakili hodari, ilipoanza mwaka 1957, msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu 39. Baadaye idadi ikapungua, na kwa miaka mingi kawaida ikawa sehemu 22 hivi. Idadi hiyo haikutoka kwa mtunzi. Ilitoka katika hesabu za matangazo ya biashara, kwani stesheni ilihitaji kitu cha kuwakusanya watu kila wiki ili muuza sabuni na muuza magari wapate wa kuwaambia. Tena tamthilia iliyokaribia sehemu mia moja ilikuwa na thamani kubwa ya kuuzwa upya kwa stesheni nyingine.

Sasa, msikilizaji, jiweke mahali pa mtunzi huyo. Unadaiwa sehemu 22 kwa mwaka. Unajua kuwa mtazamaji wako wiki hii yupo, lakini wiki ijayo huenda ana msiba, au yuko safarini. Utafanya nini? Utafanya kama walivyofanya wao. Kila wiki utaleta maiti mpya na mshukiwa mpya, na saa moja ikitimia pingu zimekwisha fungwa. Law & Order ya Marekani ilianza mwaka 1990, na ilipositishwa mwaka 2010 ilikuwa imefikisha sehemu 456 kwa mtindo huo. Mwaka 2022 ikarejeshwa. Naye Derrick, mpelelezi wa Kijerumani, alifanya kazi toka 1974 hadi 1998, akamaliza sehemu 281.

Wapo wanaoudharau mtindo huu wa kesi moja kwa usiku mmoja. Mimi siudharau hata kidogo. Sisi wenyewe tunao ndugu yake katika vitabu. Bwana Msa, yule mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alianza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mwaka 1984 alikuwa bado yumo katika Kosa la Bwana Msa. Kila kitabu kina fumbo lake, na waweza kuanza na chochote upendacho. Bwana Msa ni yule yule, na kiko chake mdomoni. Tofauti ni kwamba Muhammed Said Abdulla hakudaiwa mafumbo 22 kila mwaka. Fumbo lilitoka lilipoiva.

Nilipokuwa Kigombe nilizungumza na kijana mmoja mvuvi wa dagaa, mpenzi mkubwa wa tamthilia hizi. Aliniamkia, "Shikamoo mjomba," kisha akanieleza jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote. Usiku wa giza, alisema, wao huwa baharini na taa zao, maana dagaa huifuata taa. Mbalamwezi inapokuwa kubwa ndipo hupumzika. Basi zamani, alipokuwa akitazama katika kibanda cha video, hadithi ndefu zilimshinda.

"Mjomba, ukikosa siku kumi umepotea," aliniambia. "Ukirudi unamkuta yule uliyemwacha mtu mwema kawa jambazi, na hakuna wa kukueleza."

Ndiyo maana alipenda zile zinazoisha usiku mmoja. Siku hizi huingiziwa msimu mzima katika flashi akaumaliza katika mbalamwezi moja, na hivyo zile ndefu anaziweza.

Msikilizaji, kijana yule alikuwa amelieleza suala zima. Mtu anayekosa sehemu huhitaji kesi inayoanza na kuisha siku ile ile. Mtu anayeweza kupata sehemu zote kwa pamoja anaweza kufuata kesi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo chombo tunachotazamia nacho kina sauti katika umbo la hadithi, sawa na kalamu ya mtunzi.

Kisha akaniuliza swali. "Mbona Prison Break mwanzo wake mtamu, halafu mbele inakuwa kama mchuzi ulioongezwa maji?"

Jibu liko katika hesabu. Tamthilia hiyo ilianza mwaka 2005 ikiwa na swali moja tu: mtu ameingia gerezani kwa makusudi ili amtoe kaka yake aliyehukumiwa kufa. Je, watatoka? Sehemu 22 zilitumika kulijibu swali hilo, nalo likajibiwa. Wametoka! Lakini watazamaji walikuwa wengi, na penye watazamaji wengi pana fedha. Hivyo hadithi ikaamriwa iendelee, na katika msimu wa tatu tukamwona shujaa yule yule amefungwa katika gereza jingine, safari hii nchini Panama. Msimu huo nao ukaishia sehemu 13, si kwa sababu hadithi ilitimia, bali kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Biashara ilirefusha, mgomo ukafupisha, na hadithi yenyewe haikuulizwa.

Jambo kama hilo liliipata ile tamthilia ya wezi wa Hispania ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Money Heist. Ilionyeshwa kwao mwaka 2017, sehemu 15, ikaisha. Kampuni ya Netflix ikainunua, ikaikatakata upya ikawa sehemu 22, na dunia ilipoipenda, zikaagizwa nyingine hadi mwaka 2021. Wezi waliokwisha pata walichokitaka ikabidi watafutiwe sababu ya kwenda kuiba tena.

Upande wa pili wako Waingereza, ambao wamezoea misimu mifupi. Luther, aliyechezwa na Idris Elba, alianza mwaka 2010 kwa sehemu 6. Baadaye zikawa 4, na mwaka 2015 zikawa 2 tu. Muigizaji huyo huyo alikuwamo katika The Wire ya Marekani, iliyoonyeshwa kati ya 2002 na 2008, misimu mitano yenye jumla ya sehemu 60. Hapo hapakuwa na maiti mpya wa kila wiki. Mji wa Baltimore ulichunguzwa upande mmoja baada ya mwingine, toka vijana wa mtaani wauzao dawa za kulevya, kisha bandari, siasa, shule, hadi chumba cha habari cha gazeti. Mtu akifa humo, pengo lake unaliona hata baada ya wiki nyingi.

Je, tuseme basi kwamba kifupi ndicho bora? La hasha. Ufupi nao una gharama zake. Waandishi wa Marekani walipogoma tena mwaka 2023, kwa siku 148, mojawapo ya manung'uniko yao ilikuwa hiyo misimu mifupi. Kazi iliyokuwa ikimlisha mtu karibu mwaka mzima imekuwa ya wiki chache, na kijana anayejifunza utunzi hapati tena nafasi ya kukaa na wakongwe na kuona kazi yake ikipigwa picha. Wasanii wetu wanaolipwa kwa siku wataielewa habari hiyo bila kutafsiriwa.

Nirudi nyumbani. Majirani zetu wa Kenya waliitoa Crime and Justice mwaka 2021, ikiwa na wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena na Silas, na kesi nyingi zinazofanana na zile tunazozisoma magazetini. Hapa kwetu, sisi watu wa redio tunaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1993 na kusikika mara mbili kwa wiki. Dereva wa lori Mkwaju hakuugua UKIMWI kesho yake baada ya kosa. Msikilizaji alimfuata muda mrefu, akashuhudia jinsi mambo madogo yanavyojikusanya. Urefu ule ulikuwa na kazi maalumu, kwani ndani yake ndimo lilimokuwa funzo.

Basi kipimo changu ni hiki. Urefu wa hadithi ya uhalifu utokane na uhalifu wenyewe. Kama swali ni nani aliyemuua tajiri katika chumba kilichofungwa, usiku mmoja unatosha. Kuna uhalifu mwingine, lakini, ambao hauna mkosaji mmoja. Chukueni uvuvi wa baruti, ulioitesa pwani ya Tanga kwa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ambayo maji ya Kigombe yamo ndani yake. Nani ndiye mhalifu hapo? Ni yule aliyerusha baruti tu? Na aliyemuuzia je? Na anayenunua samaki huku akijua walivyouawa? Na jirani aliyesikia mlipuko akanyamaza kwa kuwa mrushaji ni shemeji yake? Na yule aliyekatika mkono, je, ni mkosaji au ni mhanga? Hadithi hiyo ukiibana katika saa moja utamfunga pingu mvuvi maskini, muziki upigwe, watu wakalale wakiamini haki imetendeka. Ukiipa sehemu mia tatu, watu watasahau hata samaki walikuwa wa nani. Ipe sehemu kumi au kumi na mbili, na kila mmoja wa hao atapata zamu yake ya kutazamwa usoni.

Kwa wanaotengeneza tamthilia zetu nina ombi moja. Mtunzi aambiwe idadi ya sehemu kabla hajaandika neno la kwanza, na mdhamini aiheshimu idadi hiyo hata kama watazamaji wamefurika. Wakiipenda hadithi, mtunzi aletewe kazi mpya, alipwe vizuri, na asilazimishwe kumtia gerezani mara ya pili mtu aliyekwisha toka. Nasi watazamaji tuache kulalamika kila hadithi nzuri inapofika mwisho wake. Malalamiko yetu ndiyo yanayompa mfanyabiashara sababu ya kuongeza maji katika mchuzi.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa. Kwaherini.