Mwanafunzi wa Kujitolea na Majira ya Kazi Katika Nchi ya Ufipa



Nimetakiwa niseme mbele yenu katika semina hii mintarafu ya kujitolea kwa mwanafunzi katika nchi ya Ufipa, na kwa kuwa wasaa wetu ni mdogo nitaitaja hoja yangu mapema, ili kila nitakalolisema baadaye lipimwe kwayo. Mazoezi ya kazi tunayopelekwa kuyafanya vijijini yamepangwa kwa kalenda ya chuo, ilhali elimu tunayoifuata huko inakwenda kwa kalenda ya mvua. Na madhali kalenda hizi mbili hazikutani, mwanafunzi ataendelea kufika Ufipa wakati ambapo jambo alilolijia limekwisha kupita.

Kujitolea kulivyoanza kwetu

Habari ya vijana kuacha makwao na kwenda kuitumikia nchi ya watu kwa hiari yao si ngeni hapa. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ndio mwaka ambao Peace Corps ya Marekani ilianza kupeleka watu wake ng'ambo; waliokuja kwetu walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia wa kazi za barabara. Sisi wenyewe tukaasisi Jeshi la Kujenga Taifa tarehe 10 Julai 1963, na vyuo vyetu navyo vikaweka mazoezi kwa vitendo kuwa sehemu ya masomo, ambayo aghalabu huangukia kati ya Julai na Septemba, wakati madarasa yamefungwa. Katika mipango yote hiyo swali lililoshughulikiwa sana ni kijana atatoa nini. Swali la afike lini liliachwa liamuliwe na ratiba ya masomo.

Nchi yenyewe

Uwanda wa Ufipa umeinuka katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, kwa kimo ambacho sehemu nyingi hukaribia meta 1,800 au kuzidi, na vilele vya Mbizi, juu ya mji huu wa Sumbawanga, hupita meta 2,400. Mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba na kukoma Aprili au baadaye kidogo. Kisha huja miezi ya upepo mkavu na usiku wa baridi kali, ambayo mtu kama mimi, mzaliwa wa Pangani, hawezi kuisahau. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi tupu, miti ni michache, na jambo hilo la uchache wa miti ndilo ufunguo wa maarifa yote ya kilimo cha Wafipa.

Nilifika mara ya kwanza kwa mazoezi ya chuo, katika kiangazi, nikapangiwa kijiji kimoja cha upande wa Mpui. Na mwaka uliofuata nikarudi kwa kujitolea, mvua zikiwa zimeshika, nikakaa hata mavuno. Ninayoyasema nimeyaona kwa pande zote mbili za mwaka, na tafauti ya pande hizo ndiyo iliyonipa mada hii.

Kazi ya ntumba

Majirani wa Ufipa wanaokaa katika misitu ya miombo, mathalani Wabemba wa Zambia, walizoea tangu kale kukata matawi, kuyarundika na kuyachoma, ili majivu yaistawishe ardhi. Mfipa wa uwandani hakuwa na matawi ya kuchoma. Alikuwa na majani, na kwa hayo majani akabuni njia yake. Mvua zinapokuwa zimeilainisha ardhi, kati ya Januari na Machi, mkulima hulikata tabaka la juu la udongo kwa jembe pamoja na nyasi zake mbichi, akaligeuza, na kulirundika katika vichuguu vya mviringo viitwavyo ntumba, nyasi zikiwa zimefunikwa ndani. Unyevu wa mvua zilizobaki huziozesha, na juu ya kichuguu hupandwa maharage. Kiangazi kizima vichuguu hukaa vivyo hivyo. Na mvua mpya ziingiapo, mkulima huvivunja, akautandaza ule udongo uliokwisha kuiva kwa mboji, na kupanda ulezi, au siku hizi mahindi.

Basi tazameni, ndugu zangu, jinsi kazi hii ilivyo. Mbolea yake haitoki dukani, bali inatengenezwa mle mle shambani, na inatengenezwa kwa saa moja tu ya mwaka, wakati nyasi zingali mbichi na ardhi ingali laini. Mwenye kuichelewesha saa hiyo ameupoteza msimu ujao. Ni kazi nzito ya kuvunja mgongo, na kwa hiyo majirani hualikana, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwenye shamba huwaandalia chakula, na wengine pombe ya ulezi. Katika kualikana huko mgeni hujifunza mambo ambayo hakuna hojaji itakayomletea: ni nani mwenye mkono mwepesi wa kukadiria ukubwa wa kichuguu, ardhi gani imechoka na inahitaji kupumzishwa, na kwa nini mzee fulani ameliacha konde lake jirani lirudi nyasi.

Mwanafunzi afikaye Julai hayaoni haya. Ataona vichuguu vikavu vilivyotawanyika nyikani, mashina ya mahindi yaliyokwisha vunwa, na watu wakipukuchua, wakijenga, wakifyatua matofali, au wakienda kuuza nafaka. Naye, akiwa na fomu za kujaza na siku za kuhesabu, ataandika kwamba ardhi kubwa haina kazi na kwamba wakulima hawajui mboji. Huyo ni kama aliyeingia msikitini baada ya imamu kutoa salamu, akatoka akasema kuwa watu wa mtaa huu hawasali. Kila alichokiona ni kweli, na hukumu aliyoitoa si kweli, na wala si ajizi yake: wakati aliopewa ndio uliomnyima.

Tena hata kiangazi chenyewe hakikuwa kitupu katika zamani za nchi hii. Ndio msimu ambao wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, marefu kuliko kimo cha mtu, na magofu yake yangali yakionekana pande nyingi za uwanda. Chuma kilitoa jembe, na jembe likajenga ntumba. Nusu mbili za mwaka zilikuwa zikilishana. Majembe ya viwandani yalipoenea kazi ya matanuri ikazimika, ila kazi ya vichuguu ikabaki. Roy Willis, mwanazuoni Mwingereza aliyefanya utafiti hapa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya Ufipa ya kale mwaka 1981, alikaa na watu, akarudi tena. Na dhana yangu ni kwamba kurudi huko ni sehemu ya elimu, si pambo lake.

Safari za kandokando

Siku nilizopewa ruhusa nilisafiri, na kila nilikokwenda nilikuta ithibati ya jambo lile lile. Niliteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Rukwa, ambako joto humpokea mtu kabla hajafika chini, na ambako wakulima wa mpunga hungoja maji yatulie mashambani. Nilikwenda Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, iliyokuwa kituo cha meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927. Pale niliona kwamba wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa hutia nyavu juani na kuzishona. Afikaye mwezi mpevu atawakuta wamekaa. Hata maporomoko ya Kalambo, ambayo maji yake huanguka zaidi ya meta 200 mpakani mwa Zambia, kiangazi ni utepe mwembamba, na masika ni ngurumo isikikayo kwa mbali.

Pingamizi na majibu yake

Najua yatakayosemwa, na ni ya haki. Watasema kwamba masika njia za vijijini hazipitiki. Barabara kuu ya kutoka Tunduma sasa ni ya lami, lakini ni kweli kwamba njia za matawi ni tope tupu. Watasema pia kwamba Januari hadi Machi ndio wakati maghala ya kaya nyingi yanapungua, na mgeni wa kulishwa ni mzigo. Hili la pili ndilo zito zaidi, na jibu lake ni kwamba mwanafunzi asiende kulishwa. Aende na chakula chake, au chuo kimpe posho ya kununulia chakula pale pale kijijini, na aende na jembe. Mkoa huu umo katika ile mikoa minne ambayo kwa miaka mingi imetegemewa na taifa kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka hapa Sumbawanga. Si insafu nchi inayolisha wengine ichoshwe na wanaokuja kujifunza kwake.

Mapendekezo

Kwa hiyo naleta mbele ya semina hii mambo matatu. La kwanza, mazoezi ya wanafunzi wa kilimo, afya na maendeleo ya jamii yagawanywe mafungu mawili katika kijiji kimoja, fungu la masika na fungu la kiangazi, hata kama jumla ya siku haitaongezwa. La pili, ripoti ya mwanafunzi isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa kwa msimamizi, na marekebisho ya wanakijiji yaandikwe ndani yake kwa majina yao, wakiridhia. La tatu, nakala ya ripoti ibaki katika ofisi ya kijiji, ili mwanafunzi ajaye aanzie pale alipoishia wa kwanza, na wazee wasiulizwe kila mwaka maswali yale yale.

Naomba semina ianze na hili la kwanza, na ianze kidogo: kijiji kimoja cha uwandani na kimoja cha bondeni, wanafunzi wachache walio tayari kwa ikhtiari yao, masika haya yajayo. Mkikubali, mimi ni wa kwanza kuandikisha jina langu, na nitafika Januari.