Minara ya Watts na Ufa Unaofuata Jua

Kusini mwa jiji la Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, uko mtaa uitwao Watts. Msafiri ateremkaye katika kituo cha treni cha 103rd Street hana haja kubwa ya kuuliza njia. Minara yenyewe huchomoza juu ya mapaa ya nyumba za chini, myembamba, yenye matundu kama nyavu za wavuvi zilizoanikwa. Ule mrefu kupita yote una mita 30 hivi. Akisogea karibu ndipo anapotambua kwamba umepambwa kwa vipande vya sahani, vigae, makombe ya bahari na vioo vya chupa za kijani.

Aliyeijenga ni mtu mmoja. Simon Rodia, mhamiaji kutoka Italia na fundi wa saruji na vigae, alinunua kiwanja hicho chenye umbo la pembetatu, kando ya njia ya reli, mwaka 1921. Alijenga hadi mwaka 1954, katika saa zilizobaki baada ya kibarua cha kumpatia riziki. Hakuwa na mashine wala majukwaa ya ujenzi, na vyuma vyake hakuviunga kwa moto wala kwa skrubu. Alivikunja, akavifunga kwa waya, akavizungushia wavu, akavikandika saruji, kisha akapachika vipande vyake kabla saruji haijakauka. Alipanda juu ya kile alichokijenga jana, akiwa amejifunga mkanda wa mwosha madirisha. Watoto wa mtaani walimletea chupa na vyombo vilivyovunjika. Kazi yote aliiita Nuestro Pueblo, maneno ya Kihispania yenye maana ya mji wetu.

Msikilizaji aliyezuru makaburi ya nguzo ya Mambrui au Kunduchi atakumbuka mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika chokaa karne nyingi zilizopita, na mashimo ya duara yaliyobaki pale yalipobanduliwa. Mafundi wale na Rodia hawakujuana kwa lolote. Lakini jicho lililozoea nguzo zile huielewa minara hii upesi.

Mwaka 1955 Rodia alimwachia jirani kiwanja chake, akahamia kaskazini mwa California. Baadaye wakuu wa jiji waliamuru minara ibomolewe, wakisema ni hatari kwa watu. Mwaka 1959 William Cartwright na Nicholas King walikinunua kiwanja kwa dola 3,000, na mhandisi Bud Goldstone akapendekeza jaribio: minara ivutwe kwa nguvu ya ratili 10,000, yaani zaidi ya kilo 4,500, ndipo iamuliwe. Jaribio lilifanyika tarehe 10 Oktoba mwaka huo mbele ya umati wa watu. Vyombo vya kuvutia vilishindwa kabla ya mnara. Amri ya kubomoa ikafutwa.

Jua la kila siku limekuwa adui mgumu zaidi kuliko jaribio lile. Mwaka 2011 jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles lilianza kushirikiana na jiji kuihifadhi minara, na wahandisi wa chuo kikuu cha UCLA wakafunga vipima mwendo juu yake. Ikaonekana kwamba upande unaopigwa na jua hupata joto na kutanuka, nao mnara huinama kidogo kuelekea upande wa pili. Jua likizunguka, nao huzunguka. Nyufa hupanuka na kufumba kila siku. Maji ya mvua hupenya humo, chuma kikaota kutu, kutu ikavimba na kuipasua saruji kutoka ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Watts walioziba ufa kwa saruji ngumu waliukuta ufa mwingine pembeni mwake, kwa kuwa walikizuia kitu ambacho lazima kicheze. Haifai kuwalaumu sana: Rodia hakuacha mchoro hata mmoja. Katika matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 2017, mafundi walichagua vijazio vinavyonyumbuka pamoja na mnara. Kwa miaka mitano hivi wageni waliitazama minara ikiwa imezungukwa na majukwaa ambayo Rodia hakuwa nayo, hadi ilipofunguliwa tena mwaka 2022.

Hata hivyo jua halikufanyiwa matengenezo. Nyufa ndogo kama unywele hazina budi kurudi, na ukaguzi hauna mwisho. Kwa kila kipande kilichodondoka huzuka swali ambalo kipima mwendo hakilijibu: je, pengo lijazwe kigae cha leo, au liachwe wazi? Ukutani zingali zipo alama za zana za Rodia, alizozigandamiza katika saruji mbichi, pamoja na herufi mbili za jina lake, S na R.