Daktari Asisubiri Risasi

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya utumishi wa umma. Kwa kuwa wengi wenu mnataka kusomea udaktari na uuguzi, nimechagua jambo moja tu: kazi ya mtumishi wa afya katika kuzuia mauaji ya bunduki. Mfano wangu ni Marekani, maana huko jambo hili limebishaniwa sana hadharani.

Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo. Zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Kwa hiyo polisi peke yao hawawezi kulimaliza tatizo hili. Mtu aliyekata tamaa haendi kituo cha polisi; lakini huenda akafika hospitali, akisema tu kwamba hapati usingizi.

Novemba 2018, NRA, chama chenye nguvu cha watetezi wa bunduki, kiliwaambia madaktari washike lao. Madaktari na wauguzi walijibu kwa maelfu, wengine wakionyesha picha za nguo zao za kazi zilizolowa damu, kwamba hilo ndilo lao.

Lao ni lipi basi? La kwanza ni kuuliza. Nyumbani kuna bunduki? Imefungiwa wapi? Risasi zimewekwa mbali nayo? Kuuliza hivyo si kumnyang'anya mtu mali yake. Jimbo la Florida lilitunga sheria mwaka 2011 ya kuwazuia madaktari wasiulize, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaliondoa katazo hilo. Huzuni kali aghalabu hupita. Risasi ikishatoka hairudi.

La pili ni kukata kisasi. Daktari Gary Slutkin alipambana na kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi Somalia, kisha akapambana na Ukimwi, Uganda ikiwemo. Aliporudi Chicago aliona mauaji yanaenea kama maradhi: jeraha huzaa kisasi, na kisasi huzaa jeraha. Mwaka 2000 alianzisha kazi katika mtaa wa West Garfield Park, akitumia watu wa mtaa wenyewe, hata waliowahi kufungwa, kuwa wapatanishi. Baadaye hospitali nazo zikaanza kuwaita. Majeruhi akiletwa, mpatanishi huketi na ndugu na rafiki zake kabla hawajatoka kwenda kulipiza. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali, lakini njia hii imeigwa katika miji mingi.

Vijana, angalieni kwamba ujuzi ule ulikomazwa katika kambi na vijiji vya Afrika. Msidhani kila dawa hutoka ng'ambo.

Wale mtakaovaa koti jeupe, mtafundishwa kushona jeraha, nanyi mtalishona vizuri. Lakini mgonjwa akishapata nafuu, muulizeni anarudi wapi, na nani anamngoja huko. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Linahitaji dakika tano na moyo wa kusikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.