Kitabu cha Chuo Kipatikane Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa vyuo wakaao Kawe)



Tumeombwa tuseme juu ya vitabu vya chuo, nasi tutasema wazi. Mwanafunzi akaaye Kawe huanza kwa kuhesabu nauli. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ni mali yetu sote, lakini iko mjini. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000. Hata hivyo kitabu kinachotakiwa na darasa zima hakiwezi kuwatosha wote wiki ya mtihani. Basi mwanafunzi hushuka Mwenge, huingia penye mashine ya kutoa kopi, hutaja somo na mwalimu, akapewa sura mbili zilizobanwa pini. Amekwisha chagua.

Hatumlaumu. Fedha za vitabu na viandikwa zitolewazo na Bodi ya Mikopo mara nyingi huishia kwenye unga na kodi ya chumba, na kila mzazi hapa anajua kwa nini. Lakini hatuna budi kusema hatari yake.

Kopi ya kopi hufifia. Kwa msomaji wa historia hiyo ni taabu ya macho tu. Lakini miongoni mwenu wamo wanaosomea uuguzi na udaktari. Katika jedwali la dawa nukta ikipotea, 1.5 husomeka 15. Nani atamjibu mgonjwa? Nanyi mnaosoma sheria, vitabu vya mitumba vilivyopangwa kando ya barabara ni rahisi, wala hatuvikatai. Ila sheria za nchi zilifanyiwa urekebu katika toleo la 2002, na tena katika toleo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025. Tazameni mwaka wa kitabu kabla ya bei. (Msomaji wa fasihi anunue bila hofu.)

Tena liko jambo la mwandishi. Chuo Kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1966 likaundwa shirika letu la kuchapa vitabu, Tanzania Publishing House, nalo mwaka 1972 likashiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney, mwalimu wa Mlimani, juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilisomwa dunia nzima. Shirika la namna hiyo huishi kwa nakala zinazonunuliwa. Mashine ya kopi haimpi mwandishi hata senti, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 yamlinda. Twalalamika kwamba vitabu vyatoka ng'ambo, na kile kilichoandikwa nyumbani twakikata vipande.

Shauri letu ni hili: wanafunzi watano wa somo moja wachange, wanunue kitabu kimoja kizima. Ugomvi huzuka usiku wa kuamkia mtihani, kila mmoja akikitaka. Kwa hiyo pangeni zamu kabla ya kutoa fedha, mziandike. Na aliyemaliza mwaka wa kwanza akawa na kitabu asichokihitaji tena, daftari liko mezani karibu na mlango. Aandike jina la kitabu, mwaka wa toleo, na bei anayotaka.