Kijana Aliyeelemewa na Dhiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, Ajuaye yaliyofichwa vifuani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, leo tumekusudia kulisema kwa sauti jambo ambalo aghlabu hunong'onwa tu, nalo ni kujiua kwa vijana wetu. Tumepata kuhudhuria matanga ya kijana ambapo mtu akiuliza marehemu aliugua nini, huambiwa ni homa ya ghafla, na mwenye kujibu hutazama chini. Hatuwalaumu wafiwa. Aibu ndiyo iliyowafundisha jawabu hilo, na aibu hiyo tumeilea sisi wenyewe, misikitini na mabarazani.

Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka. Kwa hesabu za mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Na katika hao wote wanaojiua ulimwenguni, wakubwa kwa wadogo, takriban watatu katika kila wanne wamo katika nchi zenye pato dogo au la wastani, ndizo nchi kama hizi zetu.

Hukumu ya kitendo chenyewe inajulikana. Mwenyezi Mungu amekikataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, na papo hapo, katika aya hiyo hiyo, akatukumbusha kuwa Yeye ni Mwenye kuturehemu. Wengi wetu husoma katazo tukaiacha rehema.

Imamu Muslim amepokea kisa cha Sahaba Tufayl bin Amr, wa kabila la Daus, aliyehamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu huyo akaugua, akashindwa kustahamili, akajidhuru mikononi hata akafa. Kisha Tufayl akamwona ndotoni yu katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari hiyo hakumlaani maiti, bali alimwombea msamaha, na mikono yake pia akaiombea. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha Hadithi hii, akaifanya kuwa hoja kwamba mwenye kujiua hawi kafiri kwa kitendo hicho. Ni kweli kuwa Mtume mwenyewe aliacha kumswalia mtu mmoja aliyejiua, lakini wanavyuoni wengi, akiwamo Imamu Shafii, wamesema kuwa maiti wa namna hiyo huswaliwa. Basi anayekataa kulibeba jeneza la kijana huyu, au akawasimanga wazazi wake, amelitoa wapi hilo?

Sasa tuje kwa walio hai, maana hao ndio tunaoweza kuwasaidia. Mzazi humwona mwanawe halali usiku, amejitenga na wenziwe, agawa vitu vyake alivyokuwa akivipenda, asema kuwa yeye ni mzigo kwa watu. Mzazi huyu moyo wamdunda, lakini haulizi, kwani aogopa kwamba akilitaja jambo atamtia wazo ambalo hakuwa nalo.

Hofu hii imechunguzwa. Huko New York, Marekani, wataalamu waliwachukua wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja liliulizwa waziwazi juu ya kujiua. La pili halikuulizwa. Siku mbili baadaye wote wakaulizwa. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2005, yalionyesha kuwa walioulizwa mwanzo hawakuzidi wenzao kwa dhiki wala kwa mawazo ya kujiua. Bali kwa kule kuulizwa, wale waliokuwa na huzuni kubwa walionekana wamepungukiwa na dhiki, na waliopata kujaribu kujiua zamani walionekana wamepungukiwa na mawazo ya kujiua.

Basi waulizeni. Semeni kwa upole, mkiwa peke yenu: "Mwanangu, nakuona umebadilika. Umefika hata ya kutamani kufa? Umewaza kujiua?" Kisha nyamazeni, msikilize. Wala msianze na mawaidha. Sisi tunaopanda mimbari ndio wenye ila hiyo zaidi: mtu hajamaliza kusema, tumekwisha kumfungulia kitabu. Wala msimwambie kuwa huzuni yake ni uchache wa imani. Sonona ni maradhi, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa. Mwombeeni dua na mumpeleke hospitali. Hakuna kati ya hayo mawili linalozuia jingine.

Na asiyekuwa daktari asidhani kuwa hana la kufanya. Nchini Zimbabwe, mwaka 2005, daktari Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa wake kijana, akaambiwa kuwa familia ilikosa nauli ya kumfikisha kwake. Nauli tu! Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, akaanza kazi na bibi wazee 14, akawafundisha kukaa na wenye dhiki kwenye benchi na kuzungumza nao. Utafiti wa watu 573, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa bengini hapo walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Sisi watu wa pwani tuna baraza mlangoni, na bibi zetu tunao.

Jambo jingine ni kufunga kabatini dawa za hospitali na za kuulia wadudu, na ufunguo akae nao mtu mzima. Kisiwani Sri Lanka, serikali ilipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali, katika miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Dhiki hujaa na kupwa kama bahari, na wengi waliovushwa saa ile ngumu wameishi.

Na wewe kijana unayetusikiliza, kama jambo hili limo moyoni mwako, mwambie mtu mmoja leo kabla ya Magharibi: mama, shangazi, mwalimu, daktari, au imamu wa msikiti wako. Akikupuuza, mwambie wa pili. Na rafiki yako akikwambia siri ya namna hiyo, usiiweke. Mpeleke kwa mtu mzima hata kama atakukasirikia.

Ewe Mola wetu, wape faraja vijana walioelemewa, warehemu waliotutangulia, na uwape wazazi wao subira. Amin.