Feza inashuka, uaminifu unabaki



Mwezi wa kumi 1993, serikali ilibadili feza: zaïre 3.000.000 za zamani zikawa zaïre mpya 1. Mwaka 1998, zaïre mpya 100.000 zikawa franka 1. Aliyeficha noti chini ya godoro alibaki na karatasi. Aliyemkopesha jirani mbegu alirudishiwa mbegu.

Basi, feza ni ahadi tu; nguvu yake ni watu kuaminiana. Machefu, aliyekimbia asikatazwe kuingia likelemba wala kupewa shamba la kulima. Nanyi mliopokelewa, lipeni deni, hata kidogo kidogo. Mkishindwa, semeni mapema. Deni lisilosemwa linazaa chuki, na chuki tunajua inatupeleka wapi.

Amani kwenu.